Kichwa cha Samaki na Kadi ya Mwalimu

Alhamisi, 6 Februari

Leo maisha yangu yamebadilika. Tena kabla ya chakula cha mchana!

Bi Ostrander, mwalimu wetu wa darasa la tano, ametugawia karatasi ya majina ya darasa zima kwa ajili ya Siku ya Wapendanao. Sheria ni zile zile za kila mwaka. Kila mtu amwandikie kila mtu kadi, hata yule asiyempenda. Hakuna kuruka jina. Pipi ruksa, karanga marufuku. Na kila mtu atengeneze boksi lake la kupokelea kadi, lenye tundu la kuzitumbukiza, alilete shuleni Ijumaa ijayo.

Halafu akatangaza jambo jipya. Mwaka huu tutapiga kura ya boksi bora. Mshindi atahamia meza ya dirishani, na atachagua mwenyewe mtu wa kukaa naye mpaka shule ifungwe mwezi wa Juni.

Nilishika kiti nisianguke.

Maelezo, endapo shajara hii itasomwa na vizazi vijavyo. Mai Xiong ni rafiki yangu tangu chekechea. Januari Bi Ostrander alitutenganisha, eti tunaongea. Ni kweli tulikuwa tunaongea, lakini mambo ya maana. Sasa Mai amekalishwa na Kenzie Haugland, ambaye hushinda kila kitu, hata mashindano ya tahajia aliyoyafanya akiwa na homa. Mimi nimekalishwa na Lyle Buczek. Lyle akiwa anafikiri huimba kwa pua. Anafikiri kutwa nzima.

Jana niliwaona Mai na Kenzie wakicheka. Mai alicheka kile kicheko chake cha kukoroma, ambacho mimi nilidhani ni changu peke yangu. Sikuweza kumaliza chakula.

Na sasa siri kubwa. Nimefanya uchunguzi wa wiki tatu. Ukimwita Bi Ostrander kutoka upande wake wa kushoto, hageuki. Sikio lake la kushoto ni bovu! Na dirisha liko upande gani? Kushoto! Nikikaa pale na Mai tutaongea mpaka Juni na dunia isijue.

Lazima nishinde hili shindano. Nimeandika neno LAZIMA mkononi kwa kalamu ya wino. Mama ameniambia ninawe.

Jumamosi, 8 Februari

Mama ameninunulia pakiti ya kadi. Nilizitaka zile za papa. Zimekwisha. Zilizobaki dukani ni za paka waliovaa miwani.

Watu hawajui kazi iliyopo hapa. Nimekaa mezani asubuhi nzima nikizipanga. Kila kadi imechapwa maneno yake, na maneno mengine ni ya hatari. Kadi yenye neno "penda" isiende kwa mvulana yeyote, maana ataisoma kwa sauti kwenye basi la shule na utajuta hadi sekondari. Yenye mioyo zaidi ya mitatu iende kwa wasichana wapole. Kenzie nimempa paka anayeonekana kama amekula kitu kibaya. Lyle amepata "Wewe ni jirani mwema". Haina maana yoyote, ndiyo sababu nimemchagulia.

Ndani ya pakiti kuna kadi moja kubwa: paka ameshika tufaha, kasimama mbele ya ubao. Kila pakiti huwa nayo. Ni ya mwalimu, hilo kila mtu analijua. Lakini ndiyo kadi pekee yenye nafasi ya kuandika maneno yako mwenyewe. Nimeamua impate Mai. Bi Ostrander atapata ndogo kama wananchi wengine.

Nimeandika hivi: "Rafiki yangu wa pekee! Usihofu. Nina mpango. Nikishinda tutahamia dirishani na tutaongea kutwa nzima, kwa sababu sikio la kushoto la B.O. ni bovu kabisa, nimelijaribu mara kumi na moja. Huyo unayekaa naye mvumilie tu. Wako mpaka Juni na baada ya Juni, S."

Jina la Mai sikuliandika, si ndani wala juu ya bahasha. Ni kwa ajili ya usalama. Ikianguka mikononi mwa adui hatajua ni ya nani.

Wakati mwingine najishangaa akili hizi nilizitoa wapi.

Jumapili, 9 Februari

Bado sina wazo la boksi. Mai ameniambia kwenye simu kwamba Kenzie anatengeneza kasri lenye taa na muziki. Taa! Na muziki! Nilimuuliza Mai yuko upande wa nani. Akasema hakujua kwamba kuna vita.

Mchana Baba alinichukua ziwani kwenye kibanda chake cha kuvulia juu ya barafu. Nilikaa kwenye ndoo nikiwaza, nikalitazama lile shimo la kwenye barafu mpaka macho yakaniuma. Saa tisa Baba akaruka. Akavuta, akavuta, akatoa lisamaki refu kama mguu wangu, mdomo kama wa bata, na meno ambayo sijui Mungu aliyaumba kwa shughuli gani.

Akalitupa nje kwenye theluji. Baada ya nusu saa lilikuwa limeganda kabisa, mdomo wazi, kama mjomba akiimba kanisani.

Nikautazama ule mdomo. Ukubwa wa kadi hasa. Nikapiga kelele mpaka Baba akadhani barafu imepasuka.

Boksi langu litakuwa samaki. Samaki mwenye kichwa cha kweli! Unampa kadi, anaimeza! Kasri ni nini mbele ya hilo?

Tatizo likawa Bibi. Mwili hana haja nao, lakini kichwa ni cha supu yake ya maziwa na viazi, na mambo ya supu Bibi hana mzaha nayo. Akasema kichwa cha samaki si mwanasesere. Nikamwambia ni kwa ajili ya masomo. Bibi huyaheshimu sana masomo. Amenikopesha mpaka Ijumaa jioni, kirudi kama kilivyo.

Jumanne, 11 Februari

Ujenzi unaendelea barazani. Baba amekikata kichwa kwa msumeno na kukitoboa nyuma, sasa kadi inapita vizuri kutoka mdomoni hadi ndani ya boksi. Mwili ni boksi la buti zake za theluji. Magamba nimeyakata kutoka kwenye karatasi ya foili ya jikoni, moja moja, mia mbili na zaidi. Vidole vinauma. Huko barazani ni nyuzi ishirini chini ya sifuri, kichwa kigumu kama jiwe. Na hakinuki hata kidogo! Nilikinusa makusudi.

Shuleni Lyle ameanza la kwake. Masikini. Ni boksi la viatu lisilopakwa hata rangi. Alikuwa anakata mabomba ya ndani ya karatasi za chooni huku akiimba kwa pua. Akaniuliza nina ushauri gani. Nilimwonea huruma, lakini mashindano ni mashindano. Nikamwambia kwa kejeli kwamba labda boksi lake liwatemee watu pipi, maana kwa sura pekee haliendi popote.

Akaacha kuimba. Akaniangalia muda mrefu. Akasema asante.

Nadhani nilimuumiza. Nitampa pole baada ya ushindi.

Jumatano, 12 Februari

Leo ilikuwa siku ya kampeni. Kura zitapigwa na watu, na watu wana midomo. Habari za kuaminika zinasema Kenzie atampa kila mtu chokoleti nzima, si zile ndogo ndogo. Huu ni ununuzi wa kura mchana kweupe. Nimekasirika sana kwamba sikuwaza mapema.

Mama amekataa kununua zaidi. Nikamwendea Bibi. Bibi ana bati kubwa la peremende nyeusi za chumvi ambazo dada yake humtumia kutoka Finland. Akasema kule kwao watoto hulilia hizo. Sikuwahi kuzila, maana Bibi hulificha lile bati nyuma ya Biblia. Leo kalitoa lote, kwa kuwa nimemwambia ni za masomo.

Nimezifanyia majaribio kwa Lyle. Aliweka moja mdomoni, akafumba macho, akaimba wimbo mzima kwa pua, akaomba nyingine. Majaribio yamefaulu asilimia mia moja! Nimezifunga tatu tatu kwenye mifuko myekundu.

Kenzie na chokoleti zake atajuta.

Alhamisi, 13 Februari

Mapumziko ya asubuhi Mai alinifuata nyuma ya ukuta wa theluji. Akasema, "Signe, nisikilize dakika moja tu. Ni muhimu."

Nikamwambia si hapa, Kenzie yuko hatua kumi, na mimi kwa sasa mdomo wangu umefungwa mpaka kesho. Kama ni muhimu aandike kwenye kadi. Akasema ni jambo la leo, si la kesho. Nikamwambia kwenye kadi! Akanitazama, akashusha kofia yake mpaka machoni, akaenda zake.

Nafikiri amechoka na kukaa na Kenzie. Vumilia, Mai. Saa zinahesabika.

Jioni nilikuwa barazani nikimsugua samaki meno. Nilitumia mswaki wa Baba. Sitegemei aulize. Mama akafungua mlango kidogo, akasema ameshaniwekea kadi zote kwenye begi, na kwamba kuna moja niliyosahau kuiandika jina, amekwisha kuniandikia.

Nikamwambia asante. Mama ni mtu mwema sana, hukumbuka kila kitu.

Ijumaa, 14 Februari

Nitaandika yote, historia ihukumu.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri ajabu. Nilipoingia na samaki wangu darasa zima liligeuka. Wavulana waliomba kugusa meno. Kenzie alikuwa anawasha taa za kasri lake na hakuna aliyemwangalia. Bi Ostrander aliuliza kama kichwa ni cha kweli. Nikasema ni cha kweli kabisa. Akavuta pumzi, akasema haya, na akapanga maboksi yote kwenye ile rafu ndefu chini ya dirisha. La kwangu kwa ukubwa wake likakaa katikati.

Ile rafu iko juu ya hita.

Hili jambo lilinipita. Sisi nyumbani nyama inakaa barazani tangu Novemba hadi Aprili na haijawahi kutuletea shida. Nilikuwa nimesahau kwamba darasani huwa kuna joto.

Saa nne tone la kwanza lilidondoka kutoka kwenye jino. Watu walisifu, wakadhani nimekusudia. Saa tano kukawa na harufu. Watu wakamtazama Lyle. Lyle hakukataa, alisema huenda ni yeye. Saa sita Bi Ostrander alifungua dirisha, theluji ikaingia hadi kwenye vitabu vya hesabu, harufu ikabaki palepale.

Saa saba tukaanza kugawa kadi. Mimi nilikuwa nikimpangusa samaki matone, nikamkabidhi Lyle rundo langu zima la bahasha anigawie, bila hata kuliangalia. Foleni ilipita kwenye kila boksi na ilipofika kwangu ilijikunja kama inakwepa shimo. Wengine walitupa kadi kwa mbali. Mai alikuja mpaka karibu, akashika pua, akaisukuma kadi yake ndani kabisa ya koo. Huyo ndiye rafiki! Kisha akaja Kenzie. Kenzie ana adabu, sheria ni sheria, akaingiza kadi mdomoni kwa ncha za vidole.

Wakati huo barafu ya mwisho ya taya ilikuwa imeyeyuka.

Mdomo ukafunga. Polepole, bila haraka, kama mlango wa gereji. Meno yakashika mkono wa sweta yake. Kenzie akapiga ukelele uliosikika hadi ofisini, akavuta mkono, kichwa kikang'oka kwenye boksi na kumfuata. Akakungʼuta. Kichwa kikaruka, kikatua juu ya kasri. Taa zikazima. Muziki haukuzima, ulikwama kwenye noti moja ile ile hadi mlinzi wa shule alipokuja na koleo lake la theluji, akakichukua kichwa, akatoka nacho kwa heshima zote.

Niliona bado nina nafasi. Nikagawa peremende. Sitaki kueleza sana. Watoto ishirini na wawili walitema kwa wakati mmoja. Mmoja aliuliza kama na zenyewe ni za samaki.

Kisha kura. Hairuhusiwi kujipigia. Nikafikiri kwa makini: Kenzie asipate kura yangu kwa gharama yoyote. Nikampigia Lyle, kwa sababu Lyle hawezi kushinda.

Lyle kapata kura ishirini.

Ndiyo kwanza nikaliangalia boksi lake vizuri. Ukitumbukiza kadi, inaangukia kijiti, kijiti kinafungua bomba, na pipi inakutokea chini, kwako wewe uliyetoa kadi! Watu walikuwa wamempa Lyle kadi mbili mbili. Mwingine alimpa karatasi yake ya hesabu. Lile ni wazo langu! Nilimpa mwenyewe, bure, kwa mdomo wangu!

Kenzie alipata kura tatu. Mimi moja, na najua ya nani, maana Lyle mwenyewe alinionyesha karatasi kabla hajaikunja.

Bi Ostrander akamwambia Lyle achague wa kukaa naye. Lyle akasimama. Akaimba kidogo kwa pua. Akasema, "Signe. Kwa sababu ya yule samaki."

Watu wakapiga makofi. Nilitaka kuingia ndani ya boksi la buti nikajifunike.

Halafu wakati wa kula keki Bi Ostrander akaanza kufungua kadi zake. Nikaona mkononi mwake bahasha kubwa. Juu yake mwandiko mzuri wa Mama: Kwa Mwalimu.

Niliinuka. Sikujua naenda wapi. Nikakaa tena. Alisoma mwanzo hadi mwisho, kisha akageuza akatazama yule paka mwenye tufaha, kisha akasoma tena. Akaniita mbele. Akaongea kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Sikio langu la kushoto linasikia vizuri sana, Signe. Huwa sigeuki kwa mtu asiyenyoosha mkono."

Kumbe! Wiki tatu za uchunguzi! Sikuwahi kuwaza kunyoosha mkono!

Ameiweka kadi kwenye droo. Kisha akasukuma ile meza ya dirishani, meza yangu na Lyle, mpaka ikagusana na meza yake. Upande wa kushoto.

Niliporudi kwenye kiti nikamwona Mai. Alikuwa amelipindua boksi lake na kulitikisa. Alitoa kadi zote, akazipanga, akazihesabu kwa kidole, akaangalia tena ndani ya boksi. Halafu akanitazama. Mai hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Kwenye basi alikaa mbele karibu na dereva na hakugeuka.

Jumamosi, 15 Februari

Nyumba nzima inanuka. Nimeanika kadi zangu juu ya jiko. Nyingi zimegeuka uji. Bibi ameuliza kichwa chake kiko wapi. Nikasema kiko kwenye theluji nyuma ya shule. Akauliza na bati la peremende. Nikasema limekwisha. Akafurahi, akasema watoto wamezipenda. Sikuwa na nguvu ya kumwambia ukweli.

Kadi ya Mai ilikuwa ya mwisho kukauka. Aliitengeneza mwenyewe, ina magamba ya karatasi ya foili kama boksi langu. Sijui alijuaje. Labda nilimwambia. Huenda nilimwambia. Wino umetawanyika lakini unasomeka.

"Signe. Nilitaka kukuambia lakini hutaki kusikiliza. Tangu Januari nimekuwa nikimwomba Bi Ostrander aturudishe pamoja. Jana amekubali. Amesema tukimaliza wiki hii bila vurugu yoyote, Jumanne tunarudi kwenye meza yetu. Usimwambie mtu. Na tafadhali usifanye kitu chochote. Nakuomba sana. Kaa tu. Kenzie si mbaya. Wiki iliyopita nilimsimulia ulivyokwama kwenye pipa la mchanga la chekechea, nikacheka mpaka nikakoroma. Mai."

Nimeisoma mara tano. Nililia. Si sana. Kisha sana.

Nilikuwa nimebakiza siku moja tu! Siku moja ya kukaa! Mtu yeyote angeweza. Hata samaki angeweza, kama asingewekwa kwenye hita.

Mama kaja kuuliza nina nini. Nikamwonyesha. Akauliza kwani ile kadi kubwa haikuwa ya mwalimu. Kila kadi kubwa ni ya mwalimu, akasema. Na ni kweli.

Jumapili, 16 Februari

Nimemtengenezea Mai kadi mpya kwa mkono wangu. Jina lake nimeliandika mara nne mbele, mara mbili nyuma na mara moja ukingoni, lisipotee. Baba akanipeleka kwao.

Mama yake Mai alifungua mlango, akanipa chakula kabla hata sijasema shikamoo. Mai alikuja akasimama kwa mbali. Nikamwambia kadi yake ilikuwepo, ila ilikwenda kwa mtu mwingine. Nikamwambia kwa nani. Nikamwambia ilichosema. Nikamwambia na habari ya sikio. Kisha nikamwambia pole, na kwamba nilidhani amenisahau, na kwamba ule mkoromo ulinitoa roho.

Nikaanza kuvaa buti.

Akauliza kama ni kweli samaki alimuuma Kenzie kwa kukusudia. Nikasema mimi naamini alikusudia.

Akakoroma! Akakoroma mpaka akakaa chini!

Hivyo tumepatana. Tumekula mara mbili zaidi.

Jumanne, 18 Februari

Jana ilikuwa sikukuu, kwa hiyo leo ndiyo siku ya kwanza kwenye makao mapya. Kushoto kwangu Lyle. Kulia kwangu Bi Ostrander. Karibu mno, nasikia akimeza chai. Mai yuko kule nyuma na Kenzie, hatua kumi na nne.

Lakini kuna habari njema. Mai ameenda kumwomba tena Bi Ostrander, yule mtoto hachoki. Bi Ostrander amesema nikikaa kimya mpaka mwisho wa Machi, bila maneno na bila viumbe waliokufa, atafikiria upya. Mai akanishika mabega yote mawili. Akaniambia safari hii nisifanye kitu. Nikamwapia.

Nimetafakari sana makosa yangu ya wiki iliyopita. Nimeyapitia moja baada ya jingine kwa unyenyekevu mkubwa. Kosa lilikuwa la hita.

Na kukaa kimya nitaweza. Nimeapa sitatoa sauti, na sitatoa. Hakuna anayetoa sauti anapoandika barua. Kutoka meza yetu hadi meza ya Mai ni hatua kumi na nne, sawa na mabomba thelathini na nane ya karatasi za chooni, yakipita chini ya rafu nyuma ya hita, pasipoonekana. Barua inaingia huku, inatokea kule. Kimya kabisa. Hata sikio la kulia halitasikia.

Nimemweleza Lyle. Ameanza kukata. Anaimba.